Baba na mwana wanataka hati ya nyumba wapige filamu

"Shangazi, naandika kutoka Nyalenda, Kisumu. Mwaka 2009 mume wangu aliweka hati ya ploti tunamoishi benki, akapiga filamu. Waigizaji aliwaahidi malipo kwa mdomo tu. Filamu ilipoisha, akamkabidhi msambazaji wa River Road, Nairobi, bila karatasi yoyote, na hela hazikuja. Tulihangaika na huo mkopo hadi mtoto akafukuzwa shule kwa karo. Sasa mtoto huyo ana miaka 26, naye anataka kupiga filamu, waigizaji ni marafiki zake, na baba yake yuko tayari kuweka hati ile ile. Wanasema nisipotia saini nitakuwa nimewaulia ndoto. Nifanye nini?"

Pole sana, dada yangu. Usitie saini.

Nimeanza na hilo kwa sababu wamekuzunguka wawili, na lawama zikirudiwa kila jioni mkono hulegea. Sheria ya Ardhi ya 2012 iko upande wako: nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mke au mume anayeishi humo. Huombi fadhili ya mtu hapo.

Lakini usiishie kukataa. Mumeo, naona, anaamini aliangushwa na bahati mbaya na wezi. Wizi ulikuwepo kweli. Enzi za DVD nakala haramu ziliwaliza watengenezaji wengi. Ila nahofia kijana amesimuliwa wizi tu, mengine yakafunikwa kwa aibu: ahadi za mdomo, kazi iliyokabidhiwa bila mkataba, na karo yake mwenyewe ilikokwenda. Muulize leo marafiki zake wamesaini nini. Kama jibu ni "tunaaminiana", anapita alipopita baba yake, na hakuna aliyemwonyesha shimo liko wapi.

Na kuna jambo hukuliuliza. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya, kumhamishia mtu haki ya filamu lazima kuwe kwa maandishi yenye saini. Mumeo hakuandika chochote. Basi filamu ya 2009 kwa maoni yangu bado ni yake, na hakimiliki ya filamu hudumu miaka 50. Kama kuna nakala nzuri kabatini, kijana apewe kazi hiyo kabla ya kuota nyingine. Awatafute waigizaji wa zamani, waandikiane na baba yake, maana nao wana haki zao na wanadai. Aisajili filamu kwa Bodi ya Hakimiliki, kisha aiweke mtandaoni. Haitaleta pesa nyingi, lakini atajifunza mkataba kwa mikono yake, na mumeo ataona kazi yake haikufa.

Filamu mpya iwe fupi, ya pesa walizo nazo mkononi, hata kama ni siku chache za kupiga picha pale ufukweni Dunga, hapo Kisumu, wakiwa na leseni ya kupiga filamu na kila mmoja amesaini.

Zungumza na mumeo kwanza, mkiwa peke yenu. Mwanamume aliyebeba hasara hiyo kimya miaka yote hataifungua mbele ya mwanawe kwa kushtukizwa. Mpe siku kadhaa, kisha mkae wote watatu. Na hati hiyo, dada, hakikisha unajua inawekwa wapi.