Maswali na majibu: Askari wa Samora, uyoga wa Kariakoo na "mali za Mjerumani"

Nilishuka kituo cha Makumbusho, Dar es Salaam, kutazama fuvu la kale la Zinjanthropus, nikaoneshwa nyumba za msonge. Wamemhamisha?

Hajahamishwa, umepotea wewe, na si wa kwanza. Kituo kile kimepata jina kwa Kijiji cha Makumbusho, Barabara ya Bagamoyo, penye nyumba za jadi. Makumbusho ya Taifa yako Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na bustani ya mimea. Shuka Posta, utembee.

Dar es Salaam si ni "Bandari ya Salama"?

Siyo. *Dar* ni nyumba kwa Kiarabu. Bandari ni neno jingine kabisa, la Kiajemi. Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kujenga mji wake miaka ya 1860, kijiji kilichokuwepo kiliitwa Mzizima. Tafadhali, tulifunge hili.

Sanamu ya Askari pale Barabara ya Samora iliwekwa na Mjerumani au Mwingereza?

Mwingereza, mwaka 1927, kuwakumbuka Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Mjerumani naye alikuwa na yake mjini hapahapa: ya Hermann von Wissmann, aliyewahi kuwa gavana wao hapa. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 walimng'oa. Baadaye alifikishwa Hamburg, akawekwa mbele ya chuo kikuu mpaka wanafunzi walipomwangusha miaka ya 1967 na 1968.

Tafuta picha ya zamani ya sanamu ile ya Wissmann. Mzungu yuko juu. Chini yake askari Mwafrika anamfunika bendera simba aliyekufa. Mwaka 1927 askari akapandishwa juu peke yake, na singe yake imeelekea bandarini. Watu hupiga picha wakaondoka bila kusoma kibao. Kisome. Kinawataja wapagazi kuwa ndio miguu na mikono ya jeshi, lakini mpagazi mwenyewe humwoni. Nairobi walau walimpa nafasi kati ya sanamu tatu. Hapa kwetu wapagazi wameachiwa jina la soko: Kariakoo ni *Carrier Corps*, yaani kikosi cha wapagazi, iliyopita kwenye ulimi wa Kiswahili, maana kambi yao ilikuwa pale. Wanaotuma maelezo kwamba ni jina la mzee fulani, wasitume tena.

Kwa nini paa la Soko la Kariakoo lina umbo la uyoga?

Si pambo. Msanifu Beda Amuli alitengeneza miavuli ya zege iliyogeuzwa, iliyo wazi kama faneli. Mvua inaingia katikati, inashuka kwenye nguzo na kwenda kwenye matangi ya chini ya ardhi. Vilevile, kwa kuwa miavuli iko juu na pembeni pako wazi, joto na harufu ya samaki vinapata pa kutokea. Soko lilifunguliwa mwaka 1975, likaungua Julai 2021. Mfumo wa namna hii una adui mmoja, takataka. Faneli ikizibwa na mifuko, maji yanatuama juu ya zege na kuanza kupenya kwenye nondo. Anayeziba uwazi ule kwa mabati ili apate fremu nyingine ya biashara anaua jengo zima.

Tumerithi nyumba ya mawe ya matumbawe. Lipu inabanduka kila masika. Fundi anashauri sementi nzito zaidi. Tukubali?

Msikubali! Sementi ndiyo inayowabandulia. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu ardhini na kuutoa taratibu kwa nje. Ukiufunika kwa sementi, unyevu unakwama, chumvi inaganda nyuma ya lipu, na siku lipu ikianguka inaondoka na uso wa jiwe.

Bandueni sementi kwa tindo na nyundo ndogo, si kwa mashine. Acheni ukuta ukauke. Changanyeni chokaa iliyozimwa sehemu moja kwa mchanga wa mtoni sehemu tatu; mchanga wa ufukweni una chumvi, utawarudisha mlikotoka. Lowesheni ukuta kabla ya kupiga. Tabaka lisizidi sentimita 1, na kabla ya kuongeza la pili ningojeni walau wiki, mkilifunika kwa magunia mabichi lisipigwe na jua. Fundi atalalamika kwamba ni kazi ya polepole. Ni kweli. Rangi nayo iwe chokaa, maana ile ya plastiki inaziba ukuta kama sementi.

Tena msidhani nyumba inalindwa kwa sababu tu ni ya zamani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Ya baada ya hapo mpaka yatangazwe rasmi. Hata Boma la Kale, la miaka ya 1866 na 1867, liko upande wa pili wa mstari huo. Sasa hesabuni majengo ya katikati ya mji yaliyo salama bila tangazo.

Kuna mtaalamu anasema makaburi ya Kunduchi yana rupia za Mjerumani. Kibali cha kuchimba kinapatikana wapi?

Makaburi yale ya nguzo yalikuwepo kabla Mjerumani hajafika pwani hii, hivyo hakuna cha kwake humo. Kuchimba bila kibali ni kosa, na kibali hakitolewi kwa wasaka rupia. Kitu cha thamani kilikuwa sahani za Kichina zilizopachikwa kwenye nguzo. Vile vishimo vya duara unavyoviona ndipo zilipobanduliwa, na waliozibandua nao walikuwa na "mtaalamu" wao.