Jibu: Goti la mama halikunjiki wiki sita baada ya upasuaji

Pole kwa kuuguza, dada, na umsalimie mama. Umeandika kwamba alibadilishwa goti huko Kisumu wiki sita zilizopita, kwamba halikunjiki vizuri na huvimba kila jioni.

Kwanza angalia anavyolala. Nilipomuuguza baba hapa Kakamega, jamaa walimwekea mto chini ya goti kwa huruma, naye akastarehe, lakini goti likaanza kukataa kunyooka, hadi mtaalamu wa mazoezi ya viungo alipotuonyesha kuuondoa na kuweka taulo lililokunjwa chini ya kisigino. Kunyooka kuna uzito sawa na kukunjika.

Dawa ya maumivu aliyoandikiwa aimeze kama nusu saa kabla ya mazoezi, kisha aketi kitini na kukivuta kisigino nyuma polepole, kikiteleza sakafuni. Uvimbe wa jioni huweza kuendelea kwa miezi kadhaa. Ajilaze na kuinua mguu. Kama choo ni cha shimo, tafadhali asichuchumae: fundi wa mbao atamtengenezea kiti kirefu chenye tundu na mahali pa kushika.

Hata hivyo, shavu la mguu likivimba na kuuma, kidonda kikitoa usaha, au akikosa pumzi ghafla, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Na ikiwa goti bado halikunjiki hadi nyuzi 90, yaani pembe mraba kama la mtu aliyeketi wima kitini, mrudisheni kwa daktari aliyempasua wiki hii, kwa kuwa ugumu huo hutibika kwa urahisi zaidi ukiwahiwa.