Dafu, mbilimbi na figo: maswali yenu

Wiki hii nusu ya maswali ni ya jikoni. Nimeyafupisha.

Shikamoo dokta. Mume wangu anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Jirani kaniambia dafu linasafisha figo, basi namnunulia kila jioni. Namsaidia? (Mama wa Ngamiani, Tanga)

Marahaba mama. Acha leo hii. Mwenye figo nzima na anywe. Mie mwenyewe Raskazone sipiti bila dafu. Lakini glasi moja tu huwa na miligramu 500 hivi za madini ya potasiamu, na mgonjwa wa mashine mara nyingi huambiwa asivuke 2,000 hadi 3,000 kwa siku nzima, chakula chote kikiwemo. Figo zikishindwa kuitoa, hujaa kwenye damu na kuvuruga mapigo ya moyo, pengine bila dalili yoyote mpaka moyo usimame. Kama mashine yake ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, basi Jumapili jioni ndipo potasiamu na maji vimelimbikizana zaidi. Ndiyo siku ya kumchunga.

Mihogo nayo ina potasiamu, ila usimnyime kabisa. Imenye, ikate vipande vidogo, ichemshe kwa maji mengi, yamwage, kisha uipike upya kwa maji mengine. Tui liwe jepesi, na kipande kiwe kimoja au viwili, si sahani.

Hukuuliza mbilimbi, ila najua achari haikosekani pembeni ya wali. Muondolee. Mbilimbi ina oksaleti nyingi, inayoganda kama chembe za mchanga ndani ya figo. Kule India madaktari wameandika habari za watu waliokunywa juisi yake nzito kama dawa ya kolestro, figo zao zikafeli ghafla.

Dokta, nina bibi wa miaka 68, kilo 46, ana kisukari na anatumia metformini. Kreatinini, ile taka ya misuli inayotolewa na figo, ni maikromoli 110 kwa lita ya damu. Naona ni ya kawaida, au? (Tabibu, Pangani)

Hapana, mwenzangu. Bibi mwembamba ana misuli michache, kwa hiyo kreatinini yake huwa ndogo hata figo zikiwa zimechoka. Piga hesabu: 140 toa umri, zidisha kwa uzito, zidisha kwa 1.04 kwa kuwa ni mwanamke, gawa kwa kreatinini. Utapata 31 hivi, mililita kwa dakika: ndiyo kasi ya figo zake kuchuja damu, na ni ndogo. Punguza metformini, pima albumini (protini) kwenye mkojo, rudia vipimo baada ya miezi 3. Na muulize anameza nini kwa ajili ya magoti. Nadhani atakujibu diklofenaki, dawa ya maumivu inayoumiza figo, hiyo isimamishe.

Nina fistula, mshipa uliounganishwa kwa ajili ya mashine ya kusafisha damu, mkono wa kushoto. Naombwa mkono huo nipimwe presha. Nikubali? (Baba wa Makorora)

Ukatae, na sindano zisizo za mashine pia. Kila asubuhi weka vidole juu yake: unatakiwa usikie mtetemo, kama paka anayekoroma. Ukitoweka, nenda kituoni siku ile ile, usisubiri zamu yako.

Nikimpa kaka yangu figo, nitarudi baharini? Na zake za zamani zinatupwa? (Mvuvi, Deep Sea)

Utarudi, ikiwa vipimo vimeonyesha unafaa kutoa. Ila nyavu nzito uziache kwa wiki 6 hivi, na baada ya hapo upime presha na mkojo kila mwaka. Figo moja inayobaki hujiongezea kazi. Zake za zamani kwa kawaida huachwa mahali pake. Mpya huwekwa chini ya tumbo, karibu na nyonga. Upandikizaji huu unafanyika hapa nchini, Muhimbili walianza Novemba 2017. Kaka yako ndiye mwenye safari ndefu: vidonge vya kuzuia mwili usiikatae figo atavimeza maadamu figo hiyo inafanya kazi, kwa saa zilezile kila siku.

Nimepandikizwa figo, natumia takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usiikatae. Balungi je? (Dada wa Chumbageni)

Usile. Linapandisha dawa hiyo kwenye damu hadi kiwango cha sumu. Chungwa tamu la Muheza halina tatizo hilo.