Kichwa kinachouma kila ukishona usiku

Pole sana dada. Umesema ukishona usiku hapo Mwanjelwa chini ya ile balbu nyeupe, kichwa kinagonga na macho yanawasha, ila mchana uko salama. Mimi naishuku balbu. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, na kila wimbi hufifisha mwanga mara mbili, kwa hiyo balbu duni hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini baadhi ya watu huumwa kichwa. Ielekezee kamera ya simu: ukiona mistari inatembea, ibadilishe. Mpya iweke pembeni, isikupige usoni, na usizime taa nyingine za chumbani. Kama umepita miaka 40, tafadhali kapime macho, huenda unahitaji miwani ya kuonea karibu. Ukianza kutapika au kuona ukungu, usisubiri, nenda hospitali.