Kuuza ukurasa wa nguo wenye wafuasi wa kununua

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nina ukurasa wa Instagram ninaouzia abaya, madira na mitandio, mzigo nachukua Kariakoo. Nimejifungua, siwezi tena kuuendesha. Dada mmoja anataka kununua vyote: jina, ukurasa na abaya 40 zilizobaki. Wafuasi ni 18,000, lakini 6,000 niliwanunua mwanzoni. Ni lazima nimwambie? Pia wapo wateja watatu walioshatuma pesa, nguo zao bado.

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullah. Allah akukuzie mwanao.

Kuuza ni halali. Hata jina la biashara ni mali: Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la kimataifa la wanazuoni wa sheria, ilipokutana Kuwait Desemba 1988, iliamua kuwa linauzika, kwa sharti pasiwe na gharari, yaani utata wa kile kinachouzwa, wala udanganyifu.

Kwa hiyo ndiyo, mwambie. Mtume (s.a.w.) alipita penye rundo la chakula sokoni, akaingiza mkono ndani, vidole vikatoka vimelowa. Mwenyewe akasema ni mvua. Akamwambia: mbona hukukiweka juu watu wakakiona? Anayedanganya si katika mimi. Ameipokea Imam Muslim katika kitabu chake cha hadithi. Tazama, binti yangu, yule bwana hakutamka uongo. Alinyamaza tu, kikavu kikakaa juu. Wale 6,000 ndio chakula kilicholowa. Dada huyo anapiga hesabu kwa idadi anayoiona, na katika hao hakuna atakayemuulizia bei ya dira. Usizunguke ukasema "wengine hawachangamki". Sema: 6,000 niliwanunua. Bei ikishuka, ishuke. Wauzianao wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao. Abaya nazo zitoe mifukoni mbele yake, yenye shanga zilizong'oka aione.

Wale wateja watatu wanakudai wewe. Wapelekee nguo zao au warudishie pesa kabla ya makabidhiano. Deni halihamii kwa mnunuzi ila wao waridhie naye akubali kulibeba, na muandikiane.

Liko jambo hukuliuliza, nalo limenitia wasiwasi kuliko yote. Wateja wa nguo hutuma picha wakiwa wamejaribisha, pengine bila mtandio, wakiamini anayeziona ni wewe. Hiyo ni amana, haiuzwi pamoja na ukurasa. Mtoto akilala, fungua meseji, zifute moja moja, ndipo umpe nywila.

Wallahu a'lam.