Mitumbwi Miwili na Swali Lako la Fotoni

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unauliza: ikiwa elektroni mbili hufukuzana kwa kurushiana fotoni, yaani chembe za mwanga, kama wavuvi wawili wanaorushiana mzigo hadi mitumbwi yao ikaachana, elektroni na protoni huvutanaje? Nitakujibu, ingawa moyo wangu umebaki kwenye huo mtumbwi.

Mfano huo niliufundisha mimi mwenyewe kwa miaka minne, kabla dada yako hajazaliwa. Mwaka wa nne, msichana wa kidato cha sita aliyekuwa akikaa safu ya nyuma aliniuliza vilevile ulivyouliza wewe, nami nikamwambia kwamba swali hilo halimo kwenye mtihani. Darasa likacheka, naye akakaa, na muhula ule wote hakunyoosha mkono tena. Baba yako hunitetea kwamba nilikuwa kijana na mtaala ulikuwa mrefu. Ulikuwa mrefu kweli, lakini kilichonifanya nimkate kauli ni kwamba jibu sikuwa nalo. Ndiyo maana mmenisikia hadi mkachoka nikisema kwamba mwalimu asitoe mfano ambao hajaugeuza chini juu yeye mwenyewe kwanza.

Ningepaswa kumjibu hivi. Mwaka 1785 mwanafizikia Mfaransa Coulomb aliipima kani hiyo, ile ya chaji za umeme kufukuzana na kuvutana, kwa mizani ya uzi unaosokotwa, akakuta kwamba umbali ukiongezeka maradufu, kani hubaki robo. Fizikia ya kwanta haikuifuta kanuni hiyo, bali ilionyesha inakotoka. Kila chaji huugusa uga wa sumakuumeme uliotapakaa kila mahali, na kwa sababu ya uga huo nishati ya chaji mbili zikiwa pamoja hutofautiana na jumla ya nishati zake kila moja ikiwa peke yake. Tofauti hiyo hufuata zao la chaji zenyewe: hasi kwa hasi, kama elektroni mbili, ni chanya, kwa hiyo nishati hupanda zinapokaribiana, nazo hufukuzana, hasi kwa chanya, kama elektroni na protoni, ni hasi, nishati hushuka, nazo huvutana. Kurushiana fotoni ni jina tu tulilolipa hesabu hiyo. Na kwa kuwa fotoni haina tungamo, kani hii hufika mbali bila kikomo. Mwanafizikia Yukawa alionyesha mwaka 1935 kwamba chembe yenye tungamo ingeleta kani ya masafa mafupi, kama ile inayokishikilia kiini cha atomu. Ukiugeuza mtumbwi chini juu, mwanangu, unazama.

Sasa utaniuliza, maana nakujua, kama fotoni hizo zipo kweli. Hapo nabishana na nafsi yangu. Hakuna kifaa kinachozinasa zikiwa njiani. Ni vistari katika michoro ya Feynman, ile wanafizikia wanayoichora ili kuhesabu jinsi chembe zinavyoathiriana, na zipo njia za kuhesabu zisizovihitaji vistari hivyo kabisa. Lakini mwaka 1947 Lamb na Retherford walipima katika hidrojeni tofauti ndogo kati ya viwango viwili vya nishati ambavyo mlingano wa Dirac, unaoieleza elektroni, ulivitaka vilingane, na hesabu zenye fotoni hizo ndizo zilizoieleza tofauti hiyo. Je, kisichokuwapo huacha alama kwenye kipimo? Au alama ni ya uga, nasi tumeipachika jina la chembe? Neno "hazipo" nimeliandika hapa mara mbili na kulikata mara mbili, kama utakavyoona kwenye karatasi. Naliacha likiwa limekatwa, japo linaniwasha.

Msichana yule nilikutana naye miaka mingi baadaye katika stendi ya mabasi, naye akiwa na watoto wawili. Aliniamkia, "Shikamoo, mwalimu," nikaitikia marahaba, tukazungumza habari za mvua na nauli. Jibu nilikuwa nalo siku hiyo, na basi langu lilichelewa karibu nusu saa.

Mama yako