Lida ya samoni: ndefu au fupi?

SWALI: Mambo vipi kaka, mi navua samoni kwa boti, navuta flasha, kile kibao kinachong'aa na kuzunguka majini kuita samaki, alafu nyuma yake ngisi wa plastiki. Lida, yani ule uzi wa kati ya flasha na chambo, naweka mita moja na nusu sababu ndo ileile nayofungia kijiko, yani chambo cha chuma chenye umbo la kijiko, na hicho kinaleta samaki fresh tu. Ngisi ndo hapati kitu, nimebadili rangi mpaka nimechoka.

JIBU: Rangi iache kwanza. Ngisi wa plastiki hana mchezo wake mwenyewe, ukimvuta peke yake anakuja tu kanyooka kama soksi, anayemchezesha ni flasha, ikizunguka inaupiga uzi na ngisi anarushwa pembeni, sasa kwa mita moja na nusu ule mrusho unafia njiani. Kata ubaki na sm 90 hivi kama unatafuta samoni aina ya chinook, ila aina ya coho anapenda vurugu so shuka mpaka 60 au 75. Kijiko kina mkunjo, kinatikisika chenyewe, kiache hapohapo kwenye mita 1.5 au hata 2.

Na uzi uwe mgumu, wa kuhimili pauni 40 hivi, mwembamba unalegea na kuumeza ule mrusho. Wengi wanaogopa eti samaki ataona uzi, jamani, flasha ya karibu sm 28 inawaka pale mbele na hakimbii!

Kabla hujashusha, vuta kila kitu ubavuni mwa boti uangalie. Flasha izunguke duara zima, ngisi aruke, atulie kidogo, aruke tena. Flasha ikiyumba tu bila kuzunguka ongeza mwendo. Alafu ukikata kona sikilizia fimbo ipi inagongwa, ya nje ya kona chambo chake kinaenda mbio, ya ndani kinapoa, kwa hiyo ikigongwa sana ya nje, hao samaki wanataka spidi, ongeza kidogo.

SWALI: Nimepewa doja badala ya flasha, vipimo ni vilevile?

JIBU: Hapana. Doja inayumba kulia kushoto, haizunguki, nguvu yake ndogo, so lida iwe fupi zaidi, anzia sm 45 na boti iende taratibu. Ukiona doja imeanza kuzunguka ujue umezidisha mwendo.